Nyumba ya kwanza nje ya kisiwa: maswali ya wasomaji wa Mombasa

Karibu barua zote za safari hii zinatoka kwa watu wanaofanya kazi kisiwani, wamechoka kupanga, na wanauliza waelekee wapi: kaskazini, magharibi au ng'ambo ya feri. Tumechagua saba na kuzifupisha zile ndefu. Majina tumeyaacha kwa ombi la waliotuandikia.

Mtwapa, Mikindani au Ng'ombeni?

SWALI: Assalam aleikum. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Kilindini. Mke wangu ni mwalimu Tudor. Tukichanganya akiba na mkopo tunaweza kufika shilingi milioni 4. Tumeonyeshwa nyumba tatu za vyumba viwili: Mtwapa kwa milioni 3.4, Mikindani kwa milioni 3.9, na Ng'ombeni, mbele ya Likoni, kwa milioni 2.9. Gari hatuna. Mke wangu anapenda Mtwapa kwa sababu ya nafasi na upepo. Mwatushauri vipi? – Msomaji, Majengo

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Kabla ya bei, angalieni maji mtakayoyavuka kila asubuhi. Kaskazini yote, kuanzia Kongowea, Kisauni na Bamburi hadi Mtwapa, huingia kisiwani kwa Daraja la Nyali lililofunguliwa 1980. Magharibi huingia kwa Makupa, ambako daraja jipya lilifunguliwa 2022 mahali pa tuta la zamani. Kusini hutegemea feri ya Likoni. Lori likikwama juu ya Daraja la Nyali, mtu wa kaskazini hana njia ya pili. Ile ya kuzunguka Kilifi, Kaloleni na Mariakani si ya mwalimu anayewahi kengele. Na anayekaa Mtwapa ana daraja jingine la ziada, lile la hori ya Mtwapa kwenyewe.

Sasa shikeni kalamu. Tuseme nauli ya Mtwapa inazidi ya Mikindani kwa shilingi 50 kila safari. Hizo ni 100 kwa siku kwa mtu mmoja, 200 kwa nyinyi wawili, na kwa siku 24 za kazi ni 4,800 kwa mwezi. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 9.5 hulipwa takriban shilingi 9,320 kwa mwezi kwa kila milioni moja. Kwa hiyo 4,800 zinatosha kulipia mkopo wa karibu 515,000. Tofauti ya bei baina ya nyumba hizo mbili ni 500,000. Matatu zimeimeza yote, na bado hatujataja tuktuk ya kutoka steji hadi mlangoni, wala nauli inayoruka mvua ikianza. Rudieni hesabu hii kwa nauli mtakazozilipa wenyewe.

Dakika za safari msizipokee mdomoni mwa dalali. Pandeni matatu mbele ya nyumba yenyewe Jumatatu saa kumi na mbili na robo asubuhi, mshuke kazini, kisha mrudi Ijumaa jioni ofisi zinapofungwa. Fanyeni hivyo tena siku ya mvua. Asubuhi tazameni jambo moja ambalo wengi hulipita: je, matatu zinafika steji yenu zikiwa na nafasi, au zimejaa tangu mwanzo wa njia? Kuna mitaa ambayo kwenye ramani iko karibu na mji, lakini asubuhi magari hupita bila kusimama, na wakazi hulazimika kupanda ya kurudi nyuma hadi mwanzo wa njia ndipo waingie mjini. Hapo nauli ni mara mbili na umbali wa ramani haukusaidii kitu.

Ng'ombeni ni rahisi kwa sababu. Anayekwenda kwa miguu halipii kivuko, lakini mtakuwa na matatu mbili, moja kila upande, na foleni katikati. Meli ikiingia au kutoka bandarini, feri husubiri ipite. Feri moja ikiharibika saa ya kazi, zilizobaki hazimalizi watu. Mtasikia dalali akisifu barabara ya Dongo Kundu. Ni kweli imefungua kusini, inatoka Miritini, inapita madaraja ya Mwache na Mteza na kutokea Kibundani, lakini inamfaa mwenye gari anayefanya kazi Miritini, Changamwe au uwanja wa ndege. Mwalimu wa Tudor asiye na gari haimpunguzii hata hatua moja.

Kwa kazi zenu mbili, sisi tungeanza na Mikindani, kwa sharti nyumba ipite mitihani miwili. Wa kwanza ni udongo. Upande wa Changamwe, Mikindani na Miritini uko juu ya mwamba laini wa tabaka unaogeuka udongo wa mfinyanzi; hufura masika na kusinyaa kaskazi, na kwenye mteremko huteleza. Tafuteni nyufa zinazokwenda mshazari kutoka kona za madirisha na milango. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si neno. Ufa unaoingiza sarafu, unaoonekana ndani na nje mahali pale pale, ni msingi unaosogea, na hakuna rangi inayoutibu. Tazameni pia ukuta wa nyuma unaozuia mteremko: ukiwa umefura katikati au hauna matundu ya kutolea maji, hesabuni kuujenga upya.

Mtihani wa pili ni majirani wa viwanda na malori. Magharibi ndiko yadi za makontena ziliko, kwa hiyo nendeni saa nne usiku mkasikilize. Na Owino Uhuru, hapo hapo Mikindani, ardhi ilichafuliwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mahakama iliamua kesi ya wakazi 2020 na Mahakama ya Juu ikaizungumzia tena 2024. Ulizeni nyumba iko umbali gani na hapo, hasa kwa kuwa watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi na risasi.

Mikindani isipofaa, msiruke moja kwa moja hadi Mtwapa. Kiembeni, Utange na Bamburi ziko upande huu wa hori, na bibi atapata upepo wake kwa daraja moja badala ya mawili.

Nyumba bila ardhi

SWALI: Nimepata nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita Kisauni kwa 950,000. Muuzaji ana karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mzee wa mtaa na risiti za kodi ya ardhi za miaka mingi. Hati ya ardhi anayo mwenye shamba. Watu husema nyumba kama hizi zimeuzwa tangu enzi za babu. Ninunue? – Msomaji, Bombolulu

JIBU: Watu wanasema kweli, zimeuzwa tangu enzi hizo. Lakini jua unachonunua: kuta, paa, na ruhusa ya kukaa kwa muda ambao mwenye ardhi ataridhia. Zile risiti za kodi ya ardhi ambazo muuzaji anazionyesha kwa fahari ndizo zinazothibitisha kwamba yeye ni mpangaji wa ardhi. Mwenye ardhi akiiuza, unaamka na mwenye ardhi mpya, aliye na mipango yake. Benki haitakupa mkopo kwa nyumba hiyo, na ukitaka kubomoa udongo ujenge mawe, au kuongeza ghorofa, utaomba ruhusa na mara nyingi utailipia.

Ipime kama kodi uliyolipa mbele. Ukikaa vyumba viwili na kupangisha vinne kwa 3,500 kila kimoja, unapata 14,000 kwa mwezi, na 950,000 zinarudi baada ya karibu miaka sita, kabla ya kodi ya ardhi na matengenezo. Ikiwa una uhakika wa miaka hiyo, ni biashara. Kama makao ya kuwaachia watoto, hapana.

Ukiipenda sana, zungumza na mwenye ardhi kabla ya kumpa muuzaji hata senti. Yako mawili ya kumwomba: akuuzie kile kipande chini ya nyumba, kipimwe na saveya mwenye leseni na kitolewe hati yake, au akupe mkataba wa kukodi ardhi wa miaka mingi, ulioandikwa na wakili na kusajiliwa. Mkataba wa zaidi ya miaka miwili usiposajiliwa haukulindi mbele ya mnunuzi mwingine.

Na hakikisha huyo anayejiita mwenye ardhi ndiye. Pwani kuna mitego miwili. Mmoja ni wakfu. Ardhi ya wakfu haiuzwi, hata mtoto wa mtoto wa aliyeweka wakfu akija na shahidi kumi. Kaulize kwa Makamishna wa Wakfu hapa Mombasa. Mwingine ni mirathi. Hati ikiwa bado kwa jina la marehemu, mtoto mmoja hawezi kukuuzia, awe mkubwa awe mdogo. Panatakiwa amri ya mirathi iliyothibitishwa na mahakama, ya Kadhi au nyingine yenye mamlaka, yenye majina ya warithi wote na mafungu yao. Soma majina. Yule dada aliyeolewa Lamu ambaye "hana neno" ndiye atakayekuja na wakili baadaye.

Namba hizi za hati zinasema nini?

SWALI: Muuzaji mmoja amenipa namba inayoanza na MN/III, mwingine Kilifi/Mtwapa, na mwingine ana "share certificate" ya kampuni. Zote ni ploti za Mtwapa. Tofauti ni nini? – Msomaji, Tononoka

JIBU: MN ni Mainland North, yaani bara ya kaskazini, na namba ya Kirumi ni sehemu yake: I ni upande wa Nyali na Kisauni, II ni Bamburi na Shanzu, III ni Mtwapa na Kikambala. Usishangae ukikuta VI/MN kwenye hati ya Changamwe au Miritini. Hati hizi za zamani huwa pia na namba ya CR, yaani zilisajiliwa katika rejista ya pwani iliyoko Mombasa, hata kama ardhi yenyewe sasa ni Kaunti ya Kilifi. Inayoanza na Kilifi/ au Kwale/ huulizwa Kilifi au Kwale. Ukifanya sachi, yaani ukiomba kuonyeshwa rejista ya ploti, kwenye ofisi isiyo yake utaambiwa faili haipo, uingie hofu bure, au mbaya zaidi, dalali akupeleke kwa "mtu wake" wa kuitafuta.

Sachi fanya mwenyewe au wakili wako aifanye. Ile nakala anayokuja nayo muuzaji haina maana. Soma sehemu zote tatu: maelezo ya ardhi na ukubwa wake, jina la mwenyewe, na vizuizi. Katika vizuizi utaona rehani ya benki, zuio la mahakama, au deni la Settlement Fund, mfuko wa serikali wa kugawa ardhi, kwa ploti za skimu ambazo hazijamaliza kulipiwa. Angalia pia kama ni umiliki wa kudumu au wa miaka, na kama ni miaka, imebaki mingapi. Hati ya miaka 99 iliyotolewa 1950 inakwisha 2049, na benki inayokopesha kwa miaka 20 itaitazama mara mbili. Fanya sachi ya pili siku chache kabla ya kulipa salio, kwa maana mambo hubadilika katikati.

Cheti cha hisa si hati ya ardhi. Kinasema wewe ni mwanachama wa kundi lenye ardhi, na ikiwa hati kuu imewekwa rehani, kipande chako kimo ndani ya rehani hiyo. Hapo usiende.

Kisima cha chumvi

SWALI: Nyumba niliyoiona Utange haina mfereji wa kampuni ya maji lakini ina kisima na pampu. Mwenyewe aliyaonja mbele yangu akasema ni matamu. Inatosha? – Msomaji, Ganjoni

JIBU: Haitoshi, Bi. Mji wetu unategemea maji ya mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Kwa pamoja hayatoshi mahitaji, kwa hiyo hata mwenye mfereji hupata kwa zamu. Kisima si jambo baya, lakini pwani kisima kina tabia zake.

Chini ya mwamba wa matumbawe, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta mengi, chumvi hupanda. Kwa hiyo yale aliyoyaonja asubuhi, pampu ikiwa imelala usiku kucha, ni maji ya juu kabisa. Nenda kisima kikiwa kimevutwa siku nzima, wakati wa kaskazi kabla ya masika, na siku za bamvua ikiwa uko karibu na hori au bahari. Nunua au azima kipima chumvi kidogo cha mkononi. Ikipita miligramu 1,000 kwa lita, ulimi wa kawaida huanza kuitambua. Zaidi ya hapo sabuni haitoi povu, bomba huota kutu, na hita ya maji hufa mapema. Mpangaji wa jirani ni shahidi mzuri kuliko muuzaji: muulize maji ya kunywa na ya chai anayatoa wapi. Akisema kwa mikokoteni, umeshapata jibu.

La pili ni choo. Sehemu kubwa ya kaskazini haina mfereji wa maji taka. Kila nyumba ina shimo lake. Kanuni ya kawaida ni mita 30 kati ya kisima na shimo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina urefu wa mita 30 tu kutoka mwisho hadi mwisho. Hesabu mwenyewe mashimo ya majirani wanaokuzunguka, na kumbuka matumbawe yana mianya inayosafirisha uchafu bila kuuchuja. Maji ya kisima katika mtaa uliojaa ni ya kuogea, kufulia na kudekia. Yapimwe vijidudu maabara kabla ya kuyafikisha jikoni.

Halafu ongeza tangi katika bei ya nyumba. Familia ya watu watano kwa lita 60 kila mtu hutumia 300 kwa siku. Wiki moja bila mfereji ni 2,100. Tangi la lita 3,000 ndilo dogo la kuanzia. Lita elfu moja ni tani nzima, kwa hivyo usilipandishe juu ya paa bila fundi kuangalia nguzo. Paa la bati la mita mraba 100, mvua ya milimita 20, hukupa kama lita 1,600 baada ya upotevu, ikiwa mifereji ya paa ipo. Nyumba nyingi hazina, na ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na bauza. Mwisho, pima kama njia ya kuingia inapitika na lori la maji. Kichochoro cha tuktuk kitakufanya mteja wa mitungi ya lita 20 milele.

Flati iliyo kwenye ramani

SWALI: Kampuni inauza flati Shanzu kwa bei nafuu, ujenzi utamalizika baada ya miezi 24. Tunalipa asilimia 30 sasa na salio kidogo kidogo. Nini cha kuangalia? – Msomaji, Tudor

JIBU: Hati kuu ya ardhi iwe kwa jina la huyo anayewauzia, na mjue kama imewekwa rehani. Ikiwa imewekwa, takeni barua ya benki inayokubali kuiachilia flati yenu mkimaliza kulipa. Takeni namba ya kibali cha ujenzi cha kaunti, cha NEMA (mamlaka ya mazingira), na usajili wa mradi NCA (mamlaka ya ujenzi), kisha mkavihakikishe huko huko vilikotolewa.

Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, kila flati inastahili hati yake yenyewe. Mkataba useme muuzaji atawapa hati hiyo, si barua ya ugawaji, na useme lini. Useme pia malipo yanafuata hatua za ujenzi, msingi, slabu ya kwanza, paa, badala ya tarehe za kalenda. Malipo yanayofuata kalenda yanaendelea hata fundi akiwa amelala, na hilo ndilo linaloua miradi mingi: fedha za wanunuzi wa flati za kwanza hukimbilia kiwanja cha mradi wa pili.

Ada ya huduma iulizeni leo, kwa maandishi. Nyumba yenye lifti, pampu, mlinzi na jenereta ina gharama za kila mwezi ambazo hazikomi mkopo ukiisha. Na jengo lililo karibu na bahari hudai rangi na kupambana na kutu mara kwa mara. Kabla ya kupokea funguo, pigeni dari na nguzo za roshani kwa ufunguo: panapolia tupu au penye madoa ya kutu, chumvi imefika kwenye nondo. Huwa ni mchanga wa bahari uliotumika bila kuoshwa, au zege nyembamba juu ya chuma.

Fedha za mkononi, na suala la riba

SWALI: Nina 500,000 za akiba. Nyumba ni milioni 3.5. Benki inasema inakopesha asilimia 90. Basi natosha? Na mimi ni Muislamu, riba inanitatiza. – Msomaji, Kizingo

JIBU: Hutoshi, kaka, ingawa umekaribia. Asilimia 10 yako ni 350,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 140,000, na hutozwa kwa bei mliyokubaliana au thamani ya mthamini wa serikali, iliyo kubwa. Wakili mkikubaliana asilimia 2 ni 70,000, na kodi ya VAT juu yake 11,200. Jumla ni 571,200, kabla ya mthamini wa benki, wakili wa benki, bima, na asilimia 0.1 ya stempu kwenye rehani yenyewe. Lenga 700,000 ndipo uanze kutia sahihi. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Wengine hujaribu kuitupia kwa mnunuzi ndani ya mkataba, kwa hiyo isome.

Mkopo wako wa asilimia 90, yaani milioni 3.15, kwa miaka 20 hulipwa takriban 29,360 kwa mwezi kwa asilimia 9.5, na 39,170 kwa asilimia 14. Ile riba ya chini hupatikana katika benki na sacco zinazopata fedha kupitia KMRC, kampuni inayozikopesha fedha za mikopo ya nyumba. KMRC yenyewe haimkopeshi mtu moja kwa moja, kwa hiyo uliza kaunta ya sacco yako kwanza. Sheria ya Ajira inataka theluthi moja ya mshahara ibaki mfukoni mwako baada ya makato yote, na mkopo wa sacco ulio nao tayari unahesabiwa. Riba ya mkopo wa nyumba unayokaa hupunguzwa katika mapato yanayotozwa kodi hadi 360,000 kwa mwaka. Wasomaji wengi wenye mkopo hawaidai.

Kuhusu riba, benki za Kiislamu mjini hutumia musharaka pungufu: benki na wewe mnanunua pamoja, unalipa kodi kwa fungu lake na kulinunua kidogo kidogo. Uliza mambo matatu: kodi hiyo hupangwa upya kila baada ya muda gani na kwa kipimo kipi, nyumba ikiungua nani anabeba hasara ya fungu la benki, na ushuru wa hati ya mwisho unalipwa na nani. Majibu yakufikie kwa maandishi.

Kabla ya yote haya, jisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba nafuu. Ikiwa unalipa tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na kipato chako ni kati ya 20,000 na 149,000 kwa mwezi, uko katika kundi la nyumba nafuu, na mnunuzi wa mara ya kwanza katika mpango huo hasumbuliwi na ushuru wa stempu. Hizo ni 140,000 za mfano wetu.

Arbuni ya kuzuia nyumba

SWALI: Dalali anataka 50,000 leo "ili nyumba isichukuliwe", pesa kwa simu. Anasema kuna mtu kutoka Nairobi yuko njiani. – Msomaji, Likoni

JIBU: Yule mtu wa Nairobi yuko njiani kila siku. Usitume. Arbuni hulipwa baada ya sachi, baada ya mkataba kusainiwa, na huingia akaunti ya wakili, ambako husubiri mpaka hati ihamishwe. Kawaida ni asilimia 10, na muda wa kumaliza ni siku 90. Mwombe dalali namba yake ya usajili wa Bodi ya Mawakala wa Nyumba. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, idhini ya huyo mwenzake iwe ndani ya mkataba, yenye sahihi na picha ya kitambulisho. Ikiwa ploti ni ya shamba, mathalani Mazeras, Rabai au sehemu za Matuga, muuzaji na wewe mtafika mbele ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Dalali akikataa haya yote, nyumba ziko nyingi Likoni.